Mke Wangu Amenichora Nimelala

Alby, Stockholm
Machi 2009

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Nsimire,

Bwana asifiwe, Yaya. Kabla sijasema lolote, goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa na masista imesaidia, au bado unapanda mlima wa Kadutu umejishika kiuno? Na kibanda cha vitenge, wateja wapo? Nasikia mvua huko ni kubwa mwaka huu. Naomba Mungu ukuta wa nyuma usibomoke tena. Sisi tu wazima. Watoto wanakua, theluji imeanza kuyeyuka na kutuachia matope na changarawe kila mahali.

Utashangaa kupata barua wakati juzi tu tumeongea kwa simu. Lakini nyumba yetu ni ndogo, na kila ninapokupigia Mapendo yuko karibu, anataka naye akusalimie. Haya siwezi kuyasema akiwa anasikia. Mchungaji wetu anakuja Bukavu, nimemwomba akutilie barua mkononi. Isome peke yako. Cheka ukitaka, ila usimwambie wifi yako kwamba unajua.

Nina wivu, Yaya. Ninamwonea wivu mke wangu.

Unajua mimi nilikuwa nani huko nyumbani, maana wewe ndiye uliyenipeleka kwa fundi wa kuchora vibao nikiwa bado kijana wa kutumwa chumvi. Vinyozi wangapi wa Kadutu walitundika kazi yangu mlangoni, vile vichwa vilivyopangwa kila kimoja na mtindo wake? Nilichora simba kwenye malori, nikachora Bikira Maria kwenye ukuta wa zahanati. Watu waliniita "Artiste" barabarani. Mapendo mwenyewe nilimpata hivyo: alisimama chini ya ngazi yangu akaniuliza ninawezaje kunyoosha herufi bila rula.

Huku mimi ni mtu wa kupanga makasha katika ghala kule Jordbro. Tangu tufike sikuwa nimeshika burashi, isipokuwa kanisa likitaka kitambaa cha Pasaka kiandikwe. Sikulalamika. Niliona kwamba hata nisipochora, katika nyumba hii mchoraji ni mmoja na anajulikana.

Basi mwaka jana, majani yalipoanza kuanguka, mwalimu wa Mapendo kwenye shule ya Kiswidi alimshauri ajiunge na kikundi cha kuchora kinachokutana Jumamosi, katika ukumbi ulio karibu na kituo chetu cha treni. Atazoea kuongea na watu, alisema. Nami nikamwambia aende. Nilidhani ni mambo ya kahawa na keki.

Siku ya kwanza alileta picha ya vitunguu. Nilicheka. Nikamnyang'anya penseli, nikamwonyesha jinsi ya kuzungusha mstari ili kitunguu kiwe mviringo kweli. Akasema asante. Baada ya wiki chache alileta vitunguu vingine, na hivi, Yaya, vilikuwa vimelala mezani kwa uzito wao. Maganda yake karibu uyasikie. Safari hiyo sikugusa penseli.

Mwalimu wao anaitwa Gunilla, mama mwenye nywele nyeupe na sauti nzito. Huja na vitabu vikubwa vya wachoraji wa zamani wa Ulaya na Amerika, na huwasimulia maisha yao kama anayesema habari za majirani. Mapendo akawa anatuletea majirani hao mezani wakati wa kula. Leo ni Mholanzi ambaye watu walimwona kichaa, picha zake hakuna aliyezitaka, akaishi kwa msaada wa mdogo wake. Kesho ni mzee wa Kifaransa aliyeendelea kuchora maua ya bwawa lake huku macho yakiingia ukungu. Aliyempenda zaidi ni dada mmoja wa Amerika aliyevuka bahari kwenda Paris ingawa baba yake hakupendezwa. Hakuolewa, hakuzaa, lakini alichora akina mama wakiogesha watoto wao hadi ungesema ana kumi wa kwake.

Watoto walisikiliza hadi chakula kikapoa. Neema akawa anauliza maswali kwa Kiswidi, mama yake anajibu kwa Kiswahili, wanacheka wote. Josué, yule mdogo, alikuwa na desturi ya kuniletea karatasi: "Papa, nichoree gari." Siku moja nilimwona na karatasi yake mkononi, nikasogeza kikombe nimpe nafasi. Akanipita. Karibu anikanyage mguu, Yaya, akaenda jikoni kwa mama yake.

Nilimweleza Deo, rafiki yangu Mrundi wa kazini, kwamba Mapendo siku hizi ana haraka ya kutoka Jumamosi. Akatikisa kichwa.

"Anajipaka mafuta ya midomo?"

"Anajipaka."

"Basi kuna mwanamume, ndugu yangu. Nenda ukaone."

Nikaenda. Nilisimama kwenye baridi, nikachungulia dirishani kama mwizi. Niliwaona akina mama wazee wa Kiswidi wamevaa aproni, mzee mmoja mwenye fimbo anasinzia, na mke wangu katikati yao, ulimi nje kidogo, anachora birika. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira zaidi kuliko nilivyokwenda. Laiti angekuwa mwanamume, ningejua la kufanya. Birika utalifanyaje?

Januari ndipo nilipoiona picha yenyewe. Aliileta imefungwa kwenye shuka, akaiegemeza ukutani. Nilijiona. Nimelala kwenye kochi na ovaroli ya kazi, viatu miguuni, mdomo wazi.

"Umenichora nimelala?"

"Ulikuwa umelala."

"Ili iweje?"

"Kikundi kinafanya maonyesho pale ukumbini. Gunilla anataka hii iwe mbele, mlangoni. Anasema ni bora kuliko zote." Kisha akaongeza, kwa furaha kabisa, "Na nimewaambia utatuandikia bango. Hakuna anayeandika herufi kama wewe."

Bango, Yaya! Yeye picha, mimi herufi.

"Watu waje wanitazame meno?" nikamwuliza. "Gunilla hajaolewa na mimi."

"Bisimwa, kinachokuuma ni mdomo au ni picha?"

Alikuwa amegusa penyewe. Mdomo haukuniuma. Kilichoniuma ni mkono, ule mkono wangu uliokuwa unaning'inia kando ya kochi. Kucha zina weusi wa kazi, vidole vimejikunja kidogo kama bado vimeshika kitu. Mimi nimechora mikono maisha yangu yote, na yote ni kama glavu zilizojazwa mchanga. Huu ulikuwa mkono wa mtu, na ulikuwa wangu.

"Hutakwenda tena," nikasema. "Nyumba ina kazi."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Haukuja. Alikunja ile shuka, akachukua rangi na burashi zake, akazitia kwenye kabati la balkoni, akafunga mlango. Akapika. Mezani hapakuwa na Mholanzi wala mtu wa Amerika. Neema aliuliza kitu kwa Kiswidi, Mapendo akamwambia ale.

Ilikuwa hivyo kwa wiki kadhaa, mpaka Gunilla akapiga simu. Kulikuwa na matembezi waliyokwisha kuyapanga, kikundi na familia zao, kwenda kwenye makumbusho ya picha mjini. Mapendo alimjibu kwamba yeye kozi ameacha. Lakini watoto walikuwa wameahidiwa, na Neema alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Nikasema twende wote. Sikutaka waseme ninajificha.

Yaya, ile nyumba ni kubwa, na kimya chake kinakufanya uzime hata kikohozi. Gunilla alitusimamisha mbele ya picha za mchoraji mmoja wa Kiswidi wa zamani. Huyu kila mtu anamjua huku. Picha zake ziko kwenye kalenda na makopo ya biskuti. Nyumba yenye mwanga, watoto wenye mashavu mekundu, maua dirishani, mama mezani ameinamia kushona.

"Huyu anayeshona ni mkewe," Gunilla alisema, polepole ili sisi wageni tumfuate. "Naye alikuwa mchoraji. Walikutana Ufaransa, wote wawili wakiwa kwenye kazi hiyo hiyo. Walipooana na watoto wakaja, akaweka burashi chini. Wanasema mumewe aliona si lazima nyumba iwe na wachoraji wawili. Basi akafuma, akashona, akabuni viti na meza. Rangi hizi zote mnazoziona, mapazia, vitambaa, nguo za watoto, ni mikono yake."

"Alikuwa na furaha?" akauliza mmoja wa wale akina mama.

"Sijui. Picha za mume tunazo nyingi. Za kwake ni chache."

Hapo Neema akanivuta koti na kusema kwa Kiswidi, kwa sauti ya kusikika chumba kizima: "Pappa, mama ameacha. Sasa ni wewe utakayetuchora?"

Watu waligeuka. Mapendo aliinama akaanza kumfunga Josué zipu ya jaketi ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Utadhani niliona aibu nikatubu palepale. Hapana. Nilichohisi ni kibaya zaidi: nilimwonea wivu hata yule mchoraji marehemu. Yeye mkewe alipoweka burashi chini, angalau yeye alizishika zake akafanya kazi. Kuta zimejaa. Mimi nilimnyamazisha wangu, kisha nikakaa kutazama mpira.

Siku yangu ya mapumziko, watoto wakiwa shuleni na Mapendo kwenye masomo, nilifungua kabati la balkoni. Nikatandaza magazeti mezani. Nilitaka kuchora uso wa Mapendo, nimwonyeshe akirudi. Ikatoka sura ya kibao cha kinyozi, macho yametazama mbele, pua imenyooka, nywele nadhifu. Nikaifuta, nikaanza upya. Ikatoka ileile. Mkono wangu unajua uso mmoja tu. Nimeishi naye, nimezaa naye, tumelala katika kambi ya wakimbizi chini ya turubali moja, na sikuweza kusema taya lake limekaaje. Yeye aliujua mkono wangu hadi ukucha. Nililia kidogo, Yaya. Kisha nikaosha burashi vizuri, hilo bado ninalijua, nikazirudisha mahali pake.

Jumamosi iliyofuata nilimletea koti jikoni.

"Utachelewa," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwa wazee wako."

Hakunishukuru. Alifuta mikono, akauliza, "Na ile picha?"

"Waiweke wanapotaka. Lakini bango siandiki."

"Sawa," akasema, akavaa koti. Alishuka ngazi kwa mbio kama binti anayekimbilia kwaya.

Siku ya maonyesho nilivaa suti ile ya harusi ya Deo. Nilikuwa mlangoni pale, ukutani, nimelala mbele ya kila anayeingia. Bango liliandikwa na yule mzee mwenye fimbo, herufi zimepinda kama meno ya utotoni, na nakiri lilinipa raha. Mama mmoja alitazama picha, akanitazama mimi, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili: "Ni wewe! Mume wangu alikuwa analala hivyo hivyo akitoka kiwandani." Macho yake yalikuwa na machozi. Sikujua nifanye nini na mkono wangu.

Kisha nikasikia mtu anamwuliza Mapendo alijifunza wapi kutazama vitu namna ile. Akajibu kwa Kiswidi chake cha polepole, wala hakujua niko nyuma yake: "Mume wangu ni mchoraji." Hakusema "alikuwa." Ningepaswa kufurahi, sivyo? Badala yake neno hilo lilinichoma, maana alinipa kitu ambacho mimi mwenyewe sikuweza kumpa, tena alikitoa bila kuhesabu.

Nisalimie shemeji yangu Mwalimu, mumeo, na umwambie apunguze chumvi. Msalimie mama mdogo kule Walungu, na mwanao Patient anayesomea ufundi wa umeme, asiache masomo. Mchungaji mzee aliyetufungisha ndoa, kama bado anatembea, mpe mkono wangu. Kwa mama mkwe wangu, sema tu kwamba binti yake ni mzima na anasifiwa.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Jumapili iliyopita, tulipotoka ibadani, Mapendo aliniweka kwenye kiti karibu na dirisha.

"Leo ukiwa macho," akasema.

Nikanyoosha shingo.

"Usikae kama wa pasipoti, bwana. Kaa tu."

Nikakaa. Akaanza kunitazama. Yaya, miaka mingi hajanitazama hivyo. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye sikio, kwenye kidevu, bila haraka, kama mtu anayetafuta kitu anachojua kipo. Nilihisi joto hadi shingoni. Halafu akainamisha macho kwenye karatasi, na hiyo nayo akaitazama vilevile, kwa upole uleule, akatabasamu.

Nikaionea wivu karatasi. Nikakohoa, ili anitazame tena.

Mdogo wako anayekupenda,
Bisimwa