Baba na Chenga za Televisheni

Lukia na Evance,

Makande yapo jikoni, yapasheni moto. ~~Televisheni ipelekeni kwa mjomba Mwanga.~~ Iacheni.

Asubuhi nimemkuta baba yenu anatazama chenga, matangazo hayajaanza. Nikamuuliza, "Baba Lukia, humo umemwona nani?" Akasema, "Mama Lukia, mimi nimeshakuwa mlevi wa hiki kioo. Kiondoe."

Nikakubali upesi mno. Njiani kwenda kisimani nikakumbuka: kabla hajapunguzwa kazini Makanya, televisheni hiyohiyo ilikuwa inamlaza kabla ya taarifa ya habari. Kioo hakijabadilika. Tusimtibu ulevi asiokuwa nao.

Akiwasha, kaeni naye. Na wewe Evance, acha kumwita Meneja wa Vipindi. Jana alicheka sana, kisha hakugusa chakula.

Mama