Nyumba ya Silvanus Haiuziki

Jumanne, 2 Septemba 2025

Siku ya arobaini na moja. Nyumba ya Silvanus pale Laurel, huku ughaibuni, bado iko sokoni, na simu ninazopata ni za watu wanaouliza kama bei ni pamoja na samani. Wapuuzi!

Nimemwambia tena ashushe bei. Kakunja uso kama nimemtukania mama yake. Jirani yake aliuza mwaka 2022, enzi zile watu wanagombania nyumba kama sukari ya mgawo, basi na yeye anataka bei ile ile. Ile ile! Riba iko juu, serikali inapunguza watu, vibao vya kuuza vinapauka kwa jua kila mtaa — yeye ananionyesha kaunta ya granaiti. Utadhani wenzake wanapikia kwenye mafiga.

Na kibao hataki. Kisa? Jumuiya yetu ya Wakatoliki wasijue. Kazi yake ya kompyuta ya mkataba na serikali ilikatwa Machi. Tunaojua ni watatu: yeye, mkewe Elieth, na mimi dalali wao. Kila asubuhi anafunga tai, anabeba begi, anatoka "kwenda kazini". Anakozunguka anajua Mungu. Mwanamume mzima!

Eti, "Dada Genoveva, watu wetu unawajua." Nawajua, ndiyo. Nimewauzia nyumba miaka kumi na miwili.

Jumapili, 7 Septemba

Siku ya kuonyesha nyumba. Maua nimeweka, manukato nimepuliza — Elieth alikaanga dagaa asubuhi, pamoja na kuambiwa asikaange. Wamekuja watu watano. Wazee wawili majirani, kuona mwenzao ana bafu la namna gani. Mke na mume waliofungua kila kabati, wakasifu, wakala biskuti, wakaondoka. Wa tano aliuliza choo kiko wapi. Akatumia, akaaga.

Jioni kapiga simu Kamande, dalali mwenzangu, Mkenya. "Genoveva, hii market iko slow tu. Wacha rates zishuke, utaona vile watu watarudi." Anaimba hivyo tangu mwaka juzi. Kila asubuhi anajirekodi video ndani ya gari, suti kali, anahubiri mafanikio. Gari lenyewe la kukodi!

Jumatano, 10 Septemba

Niandike tu, maana hakuna anayesoma. Nyumba yangu ya mwisho niliuza Februari. Tangu Juni namlea mzee mmoja wa Kizungu, Beltsville, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tano. Namwogesha, namlisha uji wa shayiri. Ananiita Jennifer. Watu wakiniuliza, niko na wateja. Hii si kama ya Silvanus! Mimi nabeba boksi, natoka jasho, yeye anaigiza.

Leo nimepita maktaba ya Laurel kubadilisha nguo chooni, kama kawaida. Natoka na blezi yangu nyeusi, hereni, mkoba. Nani kakaa penye magazeti, tai shingoni, begi mezani? Silvanus. Kumbe ofisi ndiyo hii!

Nikasema nimekuja kutoa kopi za mteja. Akasema anasubiri mkutano. Kisha macho yakamshuka mpaka miguuni kwangu. Viatu nilisahau kubadilisha. Vile vyeupe vya mpira, vya kazi ya wazee. Elieth ni nesi, jozi kama hiyo iko mlangoni kwao. Akafunua gazeti. Na asithubutu kusema.

Ijumaa, 12 Septemba

Mimi ni mjinga. Mjinga!

Jumapili hii tunaonyesha nyumba tena, na Kamande kasema atamleta mteja wa kweli, kijana Ethan na mkewe. Nikaona niongeze watu. Nikatuma picha sita kwenye grupu la jumuiya. Bila jina, bila anwani: "Nyumba nzuri, vyumba vinne, Laurel. Wahi!" Dakika tatu hazijapita, mwenyekiti wetu Vaileth kaandika: "Mbona hiyo ni sufuria yetu?"

Juu ya kabati la jikoni. Sufuria ya pilau ya jumuiya, kubwa kama beseni la kuogea, imeandikwa JUMUIYA kwa rangi nyekundu. Tangu Pasaka inatunzwa na Silvanus, hakuna asiyejua. Picha za harusi nilitoa. Bikira Maria nilimtoa. Kanga za kwenye makochi nilitoa. Sufuria niliiona kila siku mpaka nikaacha kuiona.

Nimefuta. Sitini walishaona. Mficha maradhi, kilio humfichua — lakini kilio chenyewe nimekipiga mimi. Na yeye naye, si angeirudisha sufuria ya watu!

Jumapili, 14 Septemba

Saa nane kasoro, magari. Matatu, sita, tisa. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikadhani soko limerudi. Wakaanza kushuka: Vaileth mbele, kanga kiunoni, hotpoti mkononi. Nyuma yake jumuiya nzima.

Walivua viatu mlangoni, lundo limefika mpaka kwenye ngazi. Wanawake wakaketi chini, kwenye zulia nililolipia kusafishwa juzi. Vaileth akasema wamekuja kutoa pole, kazi siyo mtu, kazi itapatikana. Kumbe baada ya zile picha alimpigia simu Elieth, kaambiwa yote. Kisha akamgeukia Elieth: "Mdogo wangu, tangu Machi? Mmekaa na msiba wenu peke yenu, sisi ni wa nini?" Elieth akalia. Alilia mpaka akashikwa mabega. Rozari ikaanza.

Silvanus alikuwa kasimama katikati ya ngazi. Hakumtazama mwingine, alinitazama mimi. Akapanda juu, akafunga mlango.

Hapo ndipo Kamande akaingia na wateja wake. Akaninong'oneza: "Kwani kuna matanga hapa? Ungeniambia!" Nilitaka zulia linimeze. Lakini huyu Ethan — akavua viatu bila kuambiwa. Akapewa sahani ya pilau, akazunguka nayo vyumba vyote. Mkewe akapakatishwa mtoto wa mtu. Nikawaeleza habari za mtambo wa kupasha nyumba joto huku nyuma wanaitikia "utuombee". Miaka kumi na miwili ya kazi, sijawahi kuaibika hivi.

Jumatatu, 15 Septemba

Maajabu. Kamande kaleta ofa ya Ethan! Dola elfu thelathini chini ya bei yetu, jibu kabla ya Jumatatu ijayo saa sita mchana. Ofa ya kwanza kwa siku hamsini na nne. Silvanus hapokei simu. Kapokea Elieth: "Hasemi na mtu, dada. Ila leo hakufunga tai."

Alhamisi, 18 Septemba

Kimya. Elieth kanisomea barua ya benki: wakichelewa tena, nyumba inachukuliwa. Nikasema basi asaini! Anasema mumewe anatoka kila siku, yuko kwa Vaileth, wanamtafutia kazi, jana wamempeleka kwenye ghala moja Hyattsville. Na Silvanus anacheka. Anacheka! Siri imefichuka, aibu imemtoka, mimi niliyemletea mteja ndiye nisiyejibiwa. Fadhila ya punda.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda Misa. Binti wa mzee aliomba nikae mpaka saa nane. Nimefika kwangu Hyattsville miguu inawaka. Ndipo ujumbe wa Silvanus ukaingia, wa kwanza tangu Jumapili ile. Nikajua ni ofa!

Si ofa. Kaandika hivi: "Dada Genoveva, habari ya viatu sikumwambia mtu. Leo baada ya Misa nimewaambia. Tunakuja. Sufuria ninayo."

Hana haya! Kesho saa sita ndiyo mwisho, Ethan anasubiri, benki inasubiri, yeye anazunguka na sufuria. Pole ya nini? Nani kamwambia mimi nina msiba? Nimemjibu sipo nyumbani, niko Columbia Heights na mteja.

Kajibu: "Gari lako tunaliona."

Nimezima taa. Nimekaa kitandani, naandika kwa mwanga wa simu. Sauti ya Vaileth iko kwenye ngazi, anawaambia wapande taratibu. Kitu kizito kimegonga ukuta, sufuria hiyo. Wanavua viatu. Jozi moja, tatu, saba, hawaishi.

Hodi.

Sare ya kazi sijavua, uji wa mzee umekaukia kifuani.

Hodi tena. Blezi iko garini.