Kaka Yako Alipogeuza Uso

Kijiji cha Rohidawas,
Rajasthan.
16 Julai 2023

Mpendwa shemeji Pema,

Pokea salamu za shemeji yako Kesar. U hali gani huko Bengaluru? Kile kikohozi cha vumbi la mawe kimekuacha, au bado unakohoa kama beberu wa marehemu baba mkwe? Huku tu wazima. Mama mkwe analalamika magoti, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Binti yako Gomti ameota meno mapya ya mbele, anakula mkate wa uwele kwa pilipili na chozi halimtoki.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Simu yenyewe inakaa mfukoni mwa mume wangu, kaka yako Hukma, na haya siwezi kuyasema akisikia. Ndiyo maana nimempa mwenzako Bhoma, anayerudi huko kazini, akuletee mkononi.

Mvua imenyesha vizuri. Bwawa tulilochimba limejaa hadi kwenye mawe ya ngazi, na shamba letu la chini limelowa. Juzi wanawake waliochimba walikwenda kuyaabudu maji ya kwanza, na kila mmoja alichota mtungi wake. Mke wako hakuwepo.

Kaka yako alikwambia Rukma amekwenda kwao kupumzika. Si kweli, shemeji. Amekwenda Gujarat na kaka yake, kwenye mashamba ya pamba. Haumwi wala hajakuacha. Tulia nikusimulie.

Unakumbuka ulivyoondoka ukisema kwamba Rukma akipata zile siku mia za kazi ambazo serikali inaahidi kila nyumba ya kijijini, utaachana na kazi ya kukata mawe na kurudi moja kwa moja sikukuu ya Diwali. Maneno hayo aliyashika. Tangu siku ya kwanza ya bwawa alikuwa mbele na karai lake kichwani, jua likichoma hata punda wanagoma.

Baraza la kijiji likamteua kaka yako kuwa mnyapara. Tulifurahi, nikapika ngano kwa sukari guru. Hatukufikiri. Siku hizi mahudhurio huchukuliwa kwa simu: asubuhi picha, alasiri picha, na kila mtu uso wazi. Sasa Rukma angefunuaje uso mbele ya kaka mkubwa wa mumewe? Tangu umwoe, kwa desturi yetu, kaka yako hajawahi kuuona uso wake, na Rukma akitaka kumwambia chakula tayari, anamwambia Gomti huku kaka yako anasikia.

Basi akasimama kwenye picha na ushungi umeshuka hadi kidevuni. Wiki kadhaa. Posho zilipokuja, yake haikuwemo. Tulikwenda wilayani, karani akatuambia, “Mama, mashine haijui shemeji wala mkwe. Isipouona uso, hakuna mtu.”

Nilimwambia kaka yako, “Nipe hiyo simu nipige mimi. Nimesoma hadi darasa la nane, kubonyeza hakunishindi.”

Akasema, “Jina lililoandikwa ni langu. Watu watasema mnyapara ni mke wangu.”

Rukma akaniambia, “Dada, kesho nitafunua.”

Na kweli alifunua. Mbele ya genge zima aliutupa ushungi nyuma, akatazama mbele. Shemeji, kaka yako akainua simu, na palepale akageuza uso pembeni kwa heshima kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Akabonyeza bila kuangalia. Akapanda kilima kwenye mtandao, akaituma.

Jioni ndipo tuliona alichopiga. Mbingu, nusu ya karai, na punda wawili wa Bibi Jamna.

Bibi Jamna akasema, “Basi leo posho ni ya punda. Hata wao wameonyesha uso.”

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Halafu ikajulikana kwamba siku ile imefutwa kwa genge zima, kicheko kikageuka. Wakamwandama Rukma: “Uso wa malkia huo, hata simu inauogopa.” Nyumbani aliniambia neno moja, na mimi nalala nalo: “Dada, heshima nimeivua na posho sijapata.”

Hakurudi tena bwawani. Kaka yake alipopita na watu wa pamba, alikuwa ameshafunga mzigo. Gomti alimwacha kwangu. Alisema deni la uwele tuliokopa halingoji Diwali, na kwamba wewe usiambiwe, usije ukaona ameshindwa kukutunzia nyumba.

Nasikitika, Pema. Kaka yako hakumdharau. Alimheshimu mno, na hiyo heshima ndiyo iliyomfukuza. Wanasema majuto ni mjukuu, na huyu wetu amekuja na godoro lake. Sasa kila jioni kaka yako anamuuliza Gomti, mimi nikiwepo, “Mama yako ameleta habari?” Wiki iliyopita alikwenda barazani mwenyewe, akawaambia msimu ujao mnyapara niwe mimi. Wamekubali bila hata kubishana. Lilikuwa jambo jepesi hivyo.

Mawe hayo yatakumaliza kifua, shemeji. Ukiweza, mfuate mkeo mrudi pamoja. Ukiona bado mambo hayajakaa sawa, ukabaki huko, sitakulaumu.

Msalimie yule mpishi wenu Lumba. Mama mkwe anakubariki, anasema upake mafuta ya haradali kifuani. Gomti anakuamkia miguuni. Mungu akulinde na vumbi.

Nyumba yenu ina kufuli. Siku anaondoka, Rukma alinifunga ufunguo kiunoni kwa mkono wake, akasema, “Mpe yeyote kati yetu atakayetangulia kurudi.” Bado ninao.

Ni mimi shemeji yako, anayekupenda na kukungoja,
Kesar