Jina Nililokupa Siku ya Ndege

Mpendwa Aabo,

Walitangaza kifo chako mara mbili. Mara ya kwanza muadhini alisoma jina lako la kitambulisho, majina yote matatu, kwenye kipaza sauti cha msikiti wetu hapa Iftin, Garissa. Nilipotoka nje nilikuta watu wamesimama barabarani wakiulizana ni nani huyo. Mtu mmoja akaingia ndani akamnong'oneza. Kipaza sauti kikakohoa, kikasema tena: Gariire amefariki, Gariire fundi wa jenereta, yule wa ndege. Hapo ndipo watu walipoanza kuja, kwa miguu, kwa bodaboda, kwa magari ya kubebea mbuzi, wakajaa makaburini mpaka ukutani. Wote walikuja kwa jina nililokupa mimi, mwanao, na kwa Kisomali maana yake ni yule anayetetemeka.

Nakuandikia barua hii wazi, waisome waliokuwepo na wasiokuwepo, kwa sababu kuna jambo kuhusu siku ile ya ndege ambalo mimi na Hooyo, mama yangu, peke yetu ndio tunalijua. Nitafika huko. Kwanza nikukumbushe ulivyokuwa, maana tangu ufe watu wamekufanya malaika.

Ulikuwa mkali, na kwa ile ndege ulikuwa mchoyo. Mhandisi mmoja aliyekuja kuchimba kisima Bute alikuachia alipomaliza kazi, ikiwa ndani ya sanduku la mbao, bawa moja limevunjika. Ilikuwa mfano wa ndege ya vita ya zamani, rangi ya kijivu, mizinga ya plastiki puani, na injini mbili ndogo za petroli, moja kila bawa. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ilinizidi kimo. Uliiunga kwa gundi na vipande vya mkebe wa maziwa ya unga. Kila Ijumaa baada ya Alasiri tuliipeleka kwenye uwanda nyuma ya nyumba za mwisho, wewe umeshika rimoti, mimi nimebeba kila kitu kingine.

Watazamaji wako walikuwa mchanganyiko: madalali wa ngamia, walimu waliotoka bara, maafande wawili watatu. Ndiyo maana siku za ndege ulisema Kiswahili. Namkumbuka yule afande mgeni aliyekuja mbio na bunduki akiuliza mwenye ndege ni nani. Ulitoa barua ya chifu mfukoni ukamwambia, "Afande, hii ndege ya fita, lakini fita yake naisha zamani. Hana bomu, iko na betroli tu." Akacheka, akakaa, akapewa chai. Ulijua kuchekesha watu, na mara nyingi ulihitaji mtu wa kuchekeshea.

Kwetu jina la utani ndilo jina. Anayechechemea ataitwa Langare mpaka kaburini, mwenye jicho moja ataitwa kwa jicho lake, na mwenyewe ataitika bila kununa. Mimi nililipata langu nikiwa na miaka kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa kushika mkia ili ndege isiondoke injini zikipashwa moto. Siku hiyo pangaboi la kushoto lilirusha changarawe ikanipiga chini ya jicho, nikaachia, nikakimbia. Ndege ikajiendea yenyewe ikaingia kwenye miiba. Hukuuliza kama jicho bado lipo. Uliwageukia watu ukasema, "Mwaona? Mimi nazaa Fulay."

Fulay ni mwoga. Madalali walicheka papo hapo, na walimu wakacheka walipoelezwa. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Fulay shuleni. Nilikuwa Fulay kwenye safu ya swala na kwenye timu ya mpira. Nilipokwenda kuposa, mzee wa upande wa pili aliuliza huyu Bishaar, jina langu halisi, ni yupi, na adeer, ndugu yako wa tumbo moja, akajibu, "Fulay." Mzee akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa amenifahamu.

Kuna somo moja ulinipa, siwezi kulikana. Vumbi la huku lilipenda kuiua injini ya kushoto. Ndege ya injini mbili ikizimikiwa na moja, ile iliyo hai huivuta upande mmoja, ikajizungusha, ikaanguka kwa pua. Dawa yake ni kuizima na ile nzima, ndege ibaki na mabawa yake tu, ishuke polepole itue. Ulilirudia somo hilo kila Ijumaa nikiwa nimesimama kando yako: "Moja nakufa, zima nyingine. Usiwe na tamaa." Mimi, ambaye hukunipa rimoti hata siku moja, nilijua kuliko mtu yeyote Garissa nzima nini cha kufanya nikiishika.

Nilisomea umeme chuoni hapa mjini. Nilipomaliza niling'oa injini zako za petroli nikaweka mota mbili za umeme, kila moja na betri yake, vumbi likose pa kuingia. Ulitazama kazi yangu ya wiki tatu ukasema, "Hii ni feni ya kinyozi." Lakini uliirusha, nayo ikapanda vizuri kuliko ilivyowahi kupanda. Ulipokuwa safarini kwenye visima vyako, mimi niliichukua asubuhi kwa rimoti niliyojinunulia, nikajifunza kuirusha peke yangu. Hilo nalo nililificha.

Halafu mkono wako wa kulia ukaanza. Kwanza chai ilimwagika kwenye kisosi. Kisha ndege ikawa inatikisa mabawa angani, na watu wakawa wanajifanya wanasoma simu zao. Ulikuwa unarudi nyumbani, huli. Niliumia, Aabo, nakiri. Nikafungua tumbo la ndege nikakibadili kipokezi chake kiisikie rimoti yangu tu. Yako iliwaka taa yake kama kawaida, lakini ilikuwa haiamrishi kitu.

Ijumaa hiyo ya kwanza nilikaa nyuma ya watu, juu ya pikapu, rimoti nimeifunika kwa kikoi mapajani. Niliipandisha, nikaizungusha juu ya vichwa vyao, nikaitua mbele ya viatu vyako bila kudunda hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Uliinamisha kichwa kidogo ukasema kwa sauti, "Alhamdulillahi. Mkono narudi." Jioni ile kwenye chakula uliniambia, "Bishaar, nipe chumvi." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na sikumbuki kama niliwahi kulisikia jina hilo kinywani mwako. Wiki nzima uliniita Bishaar. Ijumaa ya pili nilikurushia tena, na wiki ile pia nilikuwa Bishaar.

Kabla ya Ijumaa ya tatu mke wangu alijifungua binti. Alikuwa na siku tatu, hajapewa jina bado, maana jina ni siku ya saba. Ndege ilikuwa tayari angani, imenyooka, watu wametulia. Ukapaza sauti: "Sikiza habari. Fulay nabata mtoto. Sasa watu ya kukimbia ni mbili!"

Walicheka mpaka mmoja akajishika mbavu. Mwanangu hakuwa na jina lakini utani alikuwa nao tayari.

Nikaizima mota ya kushoto. Kwa makusudi, kwa kidole changu. Ndege ikainama upande huo. Wewe ulikuwa umetugeuzia mgongo sote, rimoti kifuani, vidole vimetulia kabisa. Bila kugeuka na bila kupaza sauti ulisema, "Zima nyingine." Nilidhani unajisomea somo lako la kila siku. Nikasimama juu ya pikapu, nikainua rimoti yangu juu ya kichwa kila mtu aione, nikasema kwa Kiswahili ili walimu na maafande nao waelewe:

"Zima mwenyewe, Gariire."

Ndege ilijizungusha mara mbili ikapiga chini kwa pua, bawa moja likaenda peke yake. Watu walitazama rimoti yangu, wakatazama yako, wakaelewa. Dalali mmoja akalionja lile jina, "Gariire!", na uwanda mzima ukalipuka. Nami nilicheka. Nilicheka kuliko wote. Uliiweka rimoti yako juu ya sanduku ukaenda nyumbani kwa miguu, na mkono uliokuwa umeuficha ndani ya kanzu ulikuwa unaitikisa nguo.

Jumatatu jina lilikuwa mnadani. Mwezi ulipoisha lilikuwa limefika visimani. Kwenye zahanati nesi alisimama mlangoni akaita Gariire, na wewe ukanyanyuka. Hukuwahi kuniuliza kwa nini. Hukuniita tena Fulay wala Bishaar. Miaka miwili iliyobaki uliniita "wewe". Watu nao waliacha kuniita Fulay, maana nani atamwita mwoga mtu aliyemfanyia baba yake vile? Waliniita Ina Gariire, mtoto wa Gariire, nami nikajiona nimeshinda.

Sasa lile jambo. Siku ya tatu ya msiba Hooyo alinipa redio yako niitengeneze, wanawake wasikilize Kurani. Nikafungua mgongo wake nikakuta betri nne za kuchaji, kila moja na doa la rangi ya kucha, nyekundu. Madoa hayo niliyatia mimi. Zilikuwa betri za rimoti yako.

Nilimuuliza ziliingia humo lini. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Tangu Ijumaa ile ya kwanza," alisema. "Alirudi akaniambia, mtoto ndiye anayerusha, na anarusha vizuri kuliko mimi. Akazitoa. Alisema mkono wake usije ukagusa kitu ukakuharibia."

"Mbona hakuniambia?"

"Ungeacha," alisema Hooyo, akaendelea na mchele wake.

Rimoti yako isingeharibu kitu, Aabo. Ningekuambia hivyo kama tungekuwa watu wa kuambiana. Lakini wewe Ijumaa mbili ulisimama mbele ya mji mzima na plastiki tupu mkononi, ukaniachia uso wako niubebe. Na mota ilipozimika ulidhani ni hitilafu, ukaniambia mimi nifanye nini. Ulikuwa unanisaidia. Nilipokuita lile jina ungeweza kugeuka ukafungua rimoti, ukawaonyesha kwamba ulijua muda wote, na kicheko kikanirudia mimi. Ulikaa kimya.

Usidhani betri nne zimenifanya nikusamehe. Mtoto wa siku tatu! Miaka kumi na minane ya Fulay ilikuwa inatosha, na ulikuwa na jina langu zuri mdomoni wiki mbili nzima, ukalitema kwa ajili ya kicheko cha madalali. Pengine ilikuwa furaha yako ya kupata mjukuu na hukujua njia nyingine ya kuitoa. Hiyo ni shida yako, na umekwenda nayo.

Shida yangu ni hii. Jioni ile ile ya siku ya tatu, wanaume waliokaa mkekani walianza kuisimulia habari ya ndege, kama wanavyoisimulia kila wakikutana. Walimwiga mzee anayeshika rimoti asijue imekufa. Walikuiga unavyotetemeka. Wakanigeukia niwamalizie ile sehemu ya mwisho, yangu, wanayoipenda. Betri zilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Nilihitaji kuzitoa tu, niziweke juu ya mkeka, niseme alijua.

Niliwamiminia chai. Kisha nikawamalizia ile sehemu, kwa sauti yangu ya siku ile, na wakacheka, msibani mwako. Siku arubaini zimepita na bado sijamwambia mtu yeyote uso kwa uso. Nimeandika kwa sababu karatasi haiwezi kunicheka nikiwa nimesimama mbele yake.

Rimoti yako nimeirudishia betri zake. Naiwasha mara mojamoja, taa inawaka. Uliniangalia mara moja tu nikiwa na miaka kumi na moja, shavu linavuja damu, ukanijua. Mungu akupe nafasi pana huko uliko, Aabo.

Mwanao,
Fulay