Tabia Niliyoichagua kwa Mama

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa ukiulalamikia umepona, maana sijui fundi wa lifti asiyeweza kuinama anafanya kazi gani. Sisi hapa hatujambo. Mama mzima, cherehani nzima, ila mimi sijatulia. Hii ni mara ya nne naianza barua hii. Nimekaa, nimesimama, nimechonga penseli ambayo hata siiandikii. Jina la Kiroboto ulilonibandika safari hii limenikaa sawasawa. Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu ina vyumba viwili na mama anasikia hadi ninachokiwaza.

Muhula huu tumeanza somo jipya shuleni, saikolojia. Mwalimu wetu ni kijana mpole, anaongea taratibu mpaka mtu unatamani kummalizia sentensi. Alitufundisha kwamba tabia ikipata malipo hukua na ikinyimwa hufifia, hata kama malipo yenyewe ni tabasamu tu. Akatupa kazi ya wiki nne. Kila mmoja achague mtu wa nyumbani kwake na tabia yake moja, asimwambie. Wiki ya kwanza ni kuhesabu tu. Mbili zinazofuata, kuinyima tabia hiyo malipo. Ya mwisho, kuirudishia, kuona kama itafufuka.

Mwenzangu mmoja alimchagua baba yake anayepiga mluzi akinyoa ndevu, mwingine dada yake anayetafuna kucha. Mimi nilimchagua mama, na tabia niliyoichagua ni kukutaja wewe.

Usinune kwanza. Mama unamjua. Akitunga uzi kwenye sindano, atasema wewe ndiye uliyekuwa ukimtungia. Mteja akileta suruali ya kupunguzwa, wewe ungeivaa hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilichora vijiti ishirini na sita daftarini kabla hatujala chakula cha jioni. Wiki iliyofuata nikaingia kazini. Akikutaja, nainamia kitabu, kimya. Akizungumzia vifungo, wateja au mimi, nainua uso, nacheka, nauliza maswali. Vijiti vikashuka hadi kumi, hadi vinne, hadi kimoja. Wiki ya tatu ilipoisha ukurasa ulikuwa mtupu, nami nikafurahi hata nikaosha vyombo bila kuambiwa.

Wiki ya nne nikaanza kukutaja mwenyewe. Nilimwuliza mama ilikuwaje siku ile ulipovunja taa ya jirani. Akasema hakumbuki vizuri, akaniuliza kama nimemaliza hesabu zangu. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Nikaandika kwenye ripoti kwamba tabia imekufa kabisa. Mwalimu amenipa alama za juu kuliko wote, na Ijumaa anataka niisome mbele ya shule nzima.

Sasa sikiliza. Jumapili mama mdogo alikuja kuchukua gauni lake, mama ametoka kwenda kununua zipu. Nikamsimulia jaribio langu kwa maringo, nikitegemea anisifu. Hakunisifu. Alisema mama alishamweleza kwamba kila akikutaja mimi nainamisha uso, kwamba huenda naumia, na hataki mtoto aliyebaki naye ajione hatoshi. Ndiyo maana akanyamaza. Akikukumbuka sana huenda kwa mama mdogo, anakuzungumzia huko mpaka anachoka, halafu anarudi kushona. Kumbe siku zote hizo mimi nahesabu, na yeye ananiangalia.

Tangu hapo sina raha. Kwenye ripoti kulikuwa na swali: kwa nini umechagua tabia hii? Niliandika kwamba inajirudia mara nyingi, kwa hiyo ni rahisi kuhesabu. Niliongopa. Niliichagua kwa sababu nilichoka kulisikia jina lako. Huu mwaka wa tatu tangu uondoke, mimi ndiye ninayefagia vipande vya vitambaa na kumsomea mama vipimo, lakini anayesifiwa ni wewe. Nilikuonea wivu, kaka. Nilitaka nyumba hii inyamaze kuhusu wewe, na sasa imenyamaza na siwezi kuvumilia. Nisamehe.

Ijumaa nitasema mbele ya wote kwamba jaribio langu halikufaulu, alama wachukue. Lakini kwanza ni mama, na yeye namwogopa kuliko shule nzima. Nitamwambia kesho asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani. Nimekuandikia wewe mapema ili nisipate pa kurudi nyuma.

Mama mdogo anakusalimu, na jirani wa mlango wa pili pia. Hapa ndipo kwa kawaida mama huniagiza salamu zake mpaka karatasi inaisha. Leo nilimwambia nakuandikia. Alisimamisha cherehani, akaniangalia usoni kwa muda, akasema niandike tu kwamba sote tuko wazima.

Mdogo wako,
Kiroboto