Kiti Kinacholala

Papa,

Ndege haijatua. Hii ni wiki ya tatu tunaambiwa kesho, na kila nikisikia mngurumo juu ya mto natoka getini kutazama juu. Siku za vita, ulipokuwa hai, tulikuwa tukisikia mngurumo tunaingia chini ya kitanda. Leo nasikia mngurumo naogopa gari litakaloshushwa. Ungenicheka sana.

Nimekaa juu ya tairi lako la lori, lile ulilowakataza wateja kulikalia. Nakuandikia kwa sababu binti yako amefanya ujanja, na hapa gereji hakuna wa kumwambia. Mama nikimwambia hatapata usingizi.

Unamkumbuka Patron Muhindo, mwenye uwanja huu tunaofanyia kazi, yule tajiri aliyeanza maisha Butembo akisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na leo ana maduka ya vitenge na biashara ya almasi ambayo sisi hatuiulizi. Amenunua gari la mbio. Sikutanii, Papa. Gari jekundu, milango miwili, lililokwisha kutumika Ulaya, na liko chini kiasi kwamba kuku akipita mbele yake dereva atatazamana naye macho kwa macho. Katika mji huu ambao petroli inauzwa ndani ya chupa za bia, na barabara nzuri inaisha kabla hujaweka gia ya tatu. Sisi wote tunabebwa na toleka, nyuma ya baiskeli, na yeye ameagiza gari la mashindano.

Muuzaji alituma karatasi kwa mkono wa rubani. Ilikuwa orodha ya nyongeza anazoweza kulifungia gari kabla ya kulipakia. Ndege haibebi uzito mwingi, kwa hiyo nyongeza zote haziwezi kuja, lazima kuchagua. Patron akaja nayo hapa, akaketi juu ya ndoo, akanisomea moja moja kama anasoma waraka kanisani. Kioo juu ya paa. Bawa la nyuma. Ekzosi ya kunguruma. Springi fupi za kulishusha gari zaidi, kana kwamba lilivyo halitoshi. Na viti vya mbio, vigumu kama bakuli, visivyolala nyuma hata kidogo, na mikanda ya kuvuka kifua. Akaniambia: “Bon, zingine chagua weye, weye uko mutoto ya fundi. Lakini kiti ya course, ile nataka.”

Hapo nikakukumbuka. Kila gari geni lilipoingia gereji, hukuanza na boneti. Uliingia upande wa abiria, ukalaza kiti, ukalala chali, ukaniambia niendeshe polepole kwenye mashimo ya mbele ya soko, na wewe umefumba macho. Wateja walidhani umekunywa. Uliwajibu neno moja siku zote, kuhusu gari lolote: “Kila mutuka ya Kisangani iko ambulance, hata kama mwenye yake hajue.”

Basi nikachagua. Bawa nililikataa. Kioo cha paa nilikikataa, maana mvua ya hapa unaijua. Springi fupi nilizipiga mstari mara mbili. Nikaomba springi ndefu, bamba la chuma la kukinga injini kwa chini, na tairi zima la akiba. Patron alikubali akinung'unika. Alipotoka nje kumwita rubani, nikafika kwenye viti. Nikafuta vya mbio. Nikaweka alama kwenye vile vya kawaida, vya ngozi, vinavyolala mpaka nyuma. Nikakunja karatasi na kumpa rubani kwa mkono wangu.

Akijua, nimekwisha. Ana fundi wake Butembo anayesubiri kuitwa tu. Uwanja ni wake. Miaka yako yote hapa, spana zako, jina lako ulilolichora mwenyewe ukutani kwa rangi iliyobaki, vyote vitaondoka mikononi mwangu kwa sababu ya kiti.

Kwa nini nilifanya hivyo unajua. Au hujui. Hatukupata nafasi ya kuzungumza.

Wakati yale majeshi mawili ya wageni yalipoanza kurushiana mabomu juu ya vichwa vyetu, gari dogo la padri lilikuwa hapa. Injini yake ilikuwa nzima. Ila mimi nilikuwa nimeng'oa viti vyote na kukata sakafu iliyooza kwa kutu, ili nichomelee mpya. Jioni iliyotangulia uliniambia, kama ulivyoniambia kila jioni: “Kiti hakilale inje ya mutuka.” Nikasema ndiyo, Papa. Nilikuwa na mazoezi ya kwaya. Nikaviegemeza viti ukutani, nikaenda kuimba.

Siku ya tatu kipande cha chuma cha bomu kikakupata uani, umeshika ndoo. Nikalikimbilia gari la padri. Liliwaka mara moja. Liliwaka, Papa, na ndani hakuna pa kukuweka, naona udongo pale penye miguu. Asumani, jirani yetu, akaleta toleka yake. Tukakukalisha nyuma yake, tukakufunga mgongoni kwake kwa kitenge cha Mama, nami nikakimbia nikikushikilia. Njia nzima ulisema mara moja tu: “Mwana, nataka nilale kidogo.” Hapakuwa na pa kulala. Ulifika hospitali umekaa, na ulikuwa umeshatuacha.

Watu wananiambia siku zako zilikuwa zimetimia. Naitikia, maana wanasema kwa wema. Lakini viti vilikuwa ukutani.

Wananiita barabarani. Nadhani ni ndege.

*

Papa, zimepita siku tisa. Kalamu ile imekauka, hii nimeazima.

Gari limefika. Lilishushwa kutoka tumbo la ndege juu ya mbao mbili, askari wakalizunguka wakilipapasa, Patron mwenyewe amevaa suruali nyeupe. Akafungua mlango. Akatazama kiti. Akavuta kishikio, kiti kikalala, akakirudisha, akakilaza tena. Mimi nilikuwa nimeandaa uongo kwamba wamekosea huko Ulaya, ulikuwa tayari mdomoni. Sijui kilichonipata. Nikamwambia yote, sakafu, kwaya, kitenge, mbele ya askari wale, kwa pumzi moja. Hakunitazama. Kisha akasema kwa hasira: “Kiti yangu ya course utaitafuta. Na hii usiitoe mpaka ile ifike.”

Usikitoe hiki mpaka kile kifike. Ni sheria yako, Papa, na hakujua kwamba ni yako. Nikainama nikajifanya nakagua tairi.

Tangu siku hiyo hajasema kama nabaki au natoka. Nasikia yule fundi wa Butembo ameshatumiwa habari. Kila anayepiga hodi getini nadhani ndiye yeye na sanduku lake.

Sasa sikia la jana. Mchana gari lilikuwa hapa, Patron amelibamiza kwenye shimo na lile bamba la chuma limepinda. Injini haikuguswa, hapo nilijisifu kidogo peke yangu. Nimemaliza kulinyoosha na kulifunga, mara Asumani huyu, anakimbia kwa miguu. Mke wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri na hawezi kukaa juu ya baiskeli. Alilitazama gari, kisha akanitazama mimi. Patron alikuwa amevuka mto kwenda Lubunga, hakuna wa kumuuliza. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Tulimpitia mkewe nyumbani, akakaa mbele, nami niliendesha polepole kama tulivyozoea mimi na wewe, shimo kwa shimo, Asumani amejikunja nyuma magoti yakigusa kidevu. Watoto walitupita wakikimbia, wakilizomea gari la mbio. Tulipopita soko yule mama akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anataka kulala kidogo. Nikanyoosha mkono, nikavuta kishikio, akalala.

Amejifungua hospitali, mtoto wa kike. Wote wawili ni wazima.

Damu imeingia kwenye ngozi ya kiti. Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa limau, bado kuna alama ukubwa wa kiganja. Patron anakuja kesho asubuhi kuchukua gari lake. Nilifikiri kupafunika kwa kitambaa kizuri, kama pambo. Hapana. Nitamwonyesha mwenyewe kabla hajakaa, halafu aseme atakalosema. Naogopa, Papa, sikufichi.

Nakuaga. Ulale sasa, huko hakuna wa kukukalisha. Na hata kesho nikibeba spana zako kwenda kuomba kivuli kwenye uwanja wa mtu mwingine, ahadi yangu ni hii moja: gari lolote litakalopita mikononi mwangu, jioni nitarudisha kiti kwanza, ndipo niende nyumbani.

Nafunga geti. Kiti kiko ndani ya gari. Nimekiacha kimelazwa.

Binti yako,
Furaha