Chupa Iliyo Chini ya Cherehani

Mwenzangu, usipige simu. Bado niko dukani kwa shangazi, na yeye yuko hapo mbele anahangaika na sindano kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alinipa shati la kaka nilipige pasi, avae kesho kwenye kikao cha familia. Kikao chenyewe si unakijua. Cha kumfukuza nyumbani kwa sababu ya pombe, na shangazi ndiye anayekiongoza.

Chupa yangu ya kunyunyizia nguo iliisha maji, nikachukua yake, ile ya chini ya cherehani ambayo hataki mtu aiguse. Nikanyunyizia kola, nikaweka pasi. Mvuke ukanipanda puani.

Pombe. Nikasema labda pua yangu ina wazimu. Nikanyunyizia kiganjani, nikaonja. Pombe kali, mwenzangu.

Shangazi. Huyu huyu aliyemwambia kaka mbele ya watu kwamba mlevi hana haya.

Akageuka, akaniona na chupa yake mkononi. Hakukasirika. Akasema, "Bila hiyo mkono unatetemeka." Basi. Halafu akasema, "Malizia shati."

Nikamalizia. Mikono, mgongo, kola tena. Ni kama nimechomwa sindano ya ganzi mwili mzima.

Sasa hivi ameniita. Nilijua ataniomba nimtunzie siri. Kumbe amenyoosha uzi na sindano, vyote vinacheza mkononi. "Nitungie, mwanangu."

Sikumtungia. Nimemrudishia chupa yake.